Salamu kwa Kikatalani

Siku hizi jirani yangu wa chini na mimi tunaamkiana kwa maneno mawili tu. Tukikutana mlangoni ananiambia "Bon dia", nami namjibu "Bon dia", kisha kila mtu anashika njia yake. Mpita njia akituona atafikiri hawa ni majirani wanaopatana vizuri. Mimi kila nikiyasema maneno hayo moyo unaniuma, kwa sababu ndiyo yaliyobaki katika Kikatalani chote alichonifundisha, na zamani lilikuwapo neno la tatu. Alikuwa akisema "Bon dia, veïna", yaani habari za asubuhi, jirani. Hilo la jirani limeondoka.

Tunakaa Tooting, kusini mwa London, katika nyumba ya matofali iliyokatwa fleti mbili. Mlango wa nje ni mmoja, ila kengele ni mbili, yake na yangu, zimebanana hivi kwamba mtu wa posta hukosea kila mara. Kwa miaka mingi nilikuwa muuguzi. Natoka alfajiri, narudi miguu imevimba, na tulichopeana mimi na mama yule wa chini ni vifurushi vilivyokosea mlango. Amenizidi umri kidogo. Ni mwembamba, nywele fupi nyeupe, na ni fundi cherehani. Ameshona mapazia ya watu wa London tangu alipokuja huku akiwa msichana. Mchana kutwa nikiwa nyumbani nilisikia cherehani yake ikinguruma chini ya sakafu yangu, nikaizoea hata ikinyamaza najua amekwenda dukani.

Mimi nilidhani ni Mhispania. Siku niliyomwambia hivyo akanirekebisha, kwa upole lakini macho makavu: yeye ni Mkatalani, na wao wana lugha yao. Nikamwelewa papo hapo. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nimechoka kuulizwa na watu wa hapa habari za simba.

Nilipostaafu, mwanangu alinilipia safari ya kwenda Girona, mji wa hao Wakatalani, mimi na yeye, wiki moja. Huyu ni binti yangu wa pekee, amezaliwa London, Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Nikamwambia basi nataka kwanza nijifunze lugha ya huko.

"Mum, everyone speaks English there," akasema.

"Wao wakisema Kiingereza ni hiari yao," nikamwambia. "Mimi siingii mji wa watu kama mwizi, sijui hata kuamkia."

Akacheka, akaniambia, "You and your greetings." Nami nikateremka ngazi na sahani ya mahamri iliyofunikwa kitambaa, nikagonga mlango wa chini.

Ilikuwa kama nimemletea habari ya ushindi. Akaniambia miaka yote aliyoishi hapa hajapata mtu hata mmoja aliyemwomba amfundishe Kikatalani. Wote wanataka Kihispania. Akaondoa vitambaa mezani, akanikalisha, akakata mkate akausugua nyanya, akaumwagia mafuta ya zeituni na chumvi, akaniwekea mbele kwa fahari. Nikala. Kwetu mkate uliopakwa nyanya mbichi haujawa chakula, bado uko njiani kuwa chakula, lakini nikala na nikasifu, na baada ya wiki chache nikawa nautamani kweli. Yeye naye mahamri yakamlevya. Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi ilikuwa darasa. Nilimwita Mwalimu, akalipenda neno hilo, akawa akipiga simu kwa wateja wake anajitambulisha hivyo kwa mzaha nao hawaelewi.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa salamu. Mwalimu alitaka kunifundisha kuagiza kahawa na kuuliza njia ya kituo cha treni. Mimi nikakataa kata kata. Nikamwambia anifundishe kwanza kumwuliza mtu hali yake, kisha hali ya watu wa nyumbani kwake, kisha kazi, kisha watoto. Akaweka sindano chini akanitazama.

"Sisi tunasema Bon dia," akaniambia kwa Kiingereza, "halafu tunaendelea na shughuli."

"Na ukitaka kujua kama watu wake wazima?"

"Kama si wazima ataniambia."

Nikamwonea huruma, wallahi. Nikamweleza kwamba kwetu hata kama nyumba inaungua, kwanza utasema salama, kisha ndipo useme "ila". Akanifundisha kwa kucheka: Com està? I a casa, tots bé? Yaani u hali gani, na nyumbani wote wazima? Na jibu, molt bé, salama kabisa. Akaniongezea jingine analolipenda yeye, anar fent, la mtu asiyetaka kulalamika wala kujisifu, kama sisi tunavyosema tunasukuma tu. Kila Jumamosi nilimwuliza hali, akanijibu anar fent, nami nikangoja "ila" yake. Haikuja. Nikasema basi mama huyu hana shida, yu salama.

Nilimwomba pia jinsi ya kufikisha salamu. Hilo nililiona kubwa kuliko yote. Mtu akitoka safari bila salamu ni mtu gani? Pale karibu na kituo chetu kuna duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu, anauza mihogo, mbaazi na nazi za kukuna, na Kiswahili chake ni cha kuchekesha lakini kina moyo. Kila nikirudi kutoka Mombasa namwambia, "Watu wa Mombasa wanakusalimu sana." Hakuna mtu Mombasa anayemjua. Yeye anajua hilo na mimi najua, na bado anaweka mkono kifuani anasema salamu zimefika, kisha ananitilia pilipili mbili za ziada. Ndivyo tulivyo. Salamu hatungoji mpaka itumwe. Ukiona imesahauliwa unaitia mwenyewe, kama mpishi anavyoongeza chumvi aliyoisahau mwenzake.

Na mimi nina sababu yangu ya kuzithamini. Mama yangu alifariki Mombasa nikiwa hapa kazini. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa naye, na mara ya mwisho tulipozungumza kabla ya msiba, mimi nimesimama kwenye korido ya wodi na sare yangu, aliniambia, "Mama hajambo, dada, anakusalimu sana. Anasema usihangaike, maliza kazi zako kwanza." Nikarudi wodini nimechangamka. Siku chache baadaye nikapigiwa simu ya kifo. Nililia nilivyolia, lakini salamu ile nilibaki nayo. Kwa miaka yote hii, nikizidiwa, hujiambia kwamba mama aliniaga, alinisalimu sana, aliniruhusu.

Basi Mwalimu akanifundisha: molts records de fulani, salamu nyingi kutoka kwa fulani. Nikairudia huku nikipanda ngazi mpaka ikanikaa ulimini.

Wiki ya kuondoka nilimwuliza kwao ni wapi hasa. Akanitajia mji mdogo, si mbali na Girona, wenye mto na daraja la mawe. Akasema, akiwa amenipa mgongo anaosha vikombe, kwamba dada yake bado yuko pale, ana duka la vifungo na nyuzi lililokuwa la mama yao, upande wa pili wa daraja.

"Una dada!" nikasema. "Nimpelekee salamu?"

"No cal," akasema. Hakuna haja.

Sasa, kwetu mgeni akiambiwa karibu chakula husema hakuna haja, nimeshiba, na hakuna mtu mwenye akili anayemwacha akae na njaa. Ukiambiwa usijisumbue, ndipo unajisumbua. Hiyo ndiyo adabu niliyolelewa nayo, na mpaka leo nikimkumbuka Mwalimu pale kwenye sinki siwezi kuapa kwamba mgongo wake ulisema jambo jingine. Lakini nilikuwa na macho. Kikombe kile kimoja alikiosha muda mrefu sana.

Girona sitaieleza sana. Ni nzuri, ina ngazi nyingi kuliko magoti yangu, na Kikatalani changu kidogo kilinifanya malkia. Nikiingia duka la mikate nikiuliza hali na hali za nyumbani, wenye duka wanashangaa kwanza, kisha wanaanza kunieleza, wote, habari za mgongo na za mkwe na za kodi, nami naelewa neno moja katika kumi. Mwanangu alikuwa akijificha nyuma ya miwani ya jua.

Siku ya nne tukapanda basi mpaka mji ule wa daraja. Mwanangu akakaa chini kando ya mto kupiga picha. Mimi nikavuka peke yangu nikalitafuta duka, nikaliona: mlango mwembamba, droo za mbao mpaka juu darini, kila droo ina kifungo kimoja kimeshonwa mbele ili ujue kilichomo. Nyuma ya kaunta alikuwa Mwalimu. Naam, nilishtuka. Uso ule ule, mwili umenenepa kidogo, nywele zimefungwa nyuma.

Nikamwamkia vizuri. Nikamwuliza hali yake, na nyumbani, wote wazima? Akanijibu akitabasamu kama walivyotabasamu wengine. Nikamwambia natoka Londres. Tabasamu likapungua. Ndipo nikaitoa sentensi yangu, na niliitoa kwa raha, kama mtu anayemkabidhi mwenzake zawadi iliyofungwa vizuri.

"Molts records de la seva germana."

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Alikuwa ameshika kibiringo cha uzi wa kijani. Akakiweka kaunta taratibu, kikaviringika mpaka ukingoni, asikidake. Kikaanguka. Akaniuliza swali fupi, na kwa bahati mbaya nililielewa lote.

"Ho ha dit ella?" Amesema yeye mwenyewe?

Nilinyamaza. Mtu anayetaka kusema kweli hahitaji kunyamaza. Neno la hapana kwa Kikatalani ni "no", hata asiyesoma kitu analijua. Lakini nilitazama uso ule, umeinuliwa kuniangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari aliyeingia na karatasi, na adabu yangu yote ya Mombasa ikanijaa mdomoni. Ningemwambiaje mtu kwamba dada yake hakumsalimu?

"Sí," nikasema. Ndiyo.

Akazunguka kaunta akanikumbatia. Akafunga duka mchana ule mweupe, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akaanza kuzungumza kwa kasi ya maji ya mfereji. Nilishika maneno yaliyokuwa yakielea: mama, nyumba, simu, kamwe. Akawa akiniuliza vitu nami naitikia sí, sí, kwa sababu kila alipopata "sí" uso ulizidi kufunguka, na mimi sikuwa na maneno mengine ya kutosha kumrudisha nyuma. Katika swali moja nilisikia Londres. Hilo nalo nililiitikia. Nilipotoka alisimama mlangoni akinipungia mpaka nikamaliza daraja.

"Nice chat?" mwanangu akaniuliza.

"Dada yake Mwalimu," nikamwambia. "Amefurahi sana." Na nilikuwa nimefurahi mimi pia, nikijiona mtu mwema.

Nilipofika London nilimpelekea Mwalimu taarifa na jibini niliyomnunulia. Nikamwambia nimemwona dada yake, hajambo, anamsalimu sana. Mwalimu alikuwa anapinda pazia. Hakuinua kichwa.

"Amezeeka?"

"Hata," nikasema.

Akaendelea kushona. Darasa la siku hiyo lilikuwa fupi, akasema ana kazi nyingi, nami sikuliona jambo. Nilipanda juu nikajipikia wali.

Kisha mvua za Oktoba zikaanza. Mchana mmoja nilisikia kengele ya chini ikilia, kengele ya Mwalimu, mara ya kwanza, mara ya pili. Cherehani iliyokuwa ikinguruma chini ya miguu yangu ikanyamaza. Hakuna mlango uliofunguliwa. Kisha ikalia yangu.

Nikateremka nikafungua. Dada yake alisimama kizingitini na sanduku dogo, koti limelowa, mikononi ameshika boksi la vitumbua vyao vya sukari, limefungwa utepe, amelikinga mvua kwa kifua chake. Akanibusu huku na huku. Akanipita akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Mwalimu pale ndani, akagonga, akaita. Alimwita kwa jina la utoto, nilijua tu kwa sauti, kwa sababu hakuna mtu anayemwita mtu mzima kwa sauti ile.

Mlango haukufunguka.

Akagonga tena. Nikasaidia nikagonga mimi, nikaita hodi, hodi Mwalimu, una mgeni. Tulisikia ubao wa sakafu ukilia ndani, karibu kabisa na mlango. Mtu alikuwa amesimama upande wa pili, mkono mmoja tu kutoka kwetu. Dada akaweka kiganja kwenye mbao akasema maneno machache polepole. Ubao ukalia tena, ukienda mbali.

Akakaa kwenye ngazi zangu na boksi mapajani. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya, nimeshika mikono ya watu wengi wanaolia. Nikamwinua nikampandisha juu, nikamvua koti, nikampa chai ya iliki. Akashika kikombe kwa mikono miwili akatazama sakafu, kama anayeweza kuona mpaka chini.

Nikamwacha hapo nikateremka peke yangu. Safari hii nilisema, "Ni mimi tu." Mlango ukafunguka mnyororo bado umefungwa, nikaona nusu ya uso.

"Ulimwambia nini?" Mwalimu akaniuliza, kwa Kiingereza. Siku hiyo Kikatalani hakunipa hata kidogo.

"Nilimwambia unamsalimu."

"Nilikutuma?"

"Hukunituma. Lakini kwetu mtu akisafiri..."

"Nilikwambia hakuna haja."

"Nilidhani ni adabu tu."

Akafumba macho. Alipoanza kusema alisema polepole, kama anavyohesabu mishono, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Miaka ile mama yao alipokuwa mgonjwa, akasema, alikuwa anampigia dada yake kila Jumapili. Kila Jumapili dada alimwambia mama hajambo, mama anakubusu, mama anasema usije sasa, usipoteze kazi. Na mama muda huo alikuwa hajitambui kitandani. Nyumba nzima walikubaliana asiambiwe, yuko mbali, ataumia bure. Alipoambiwa, mama alikuwa ameshazikwa.

"Nikawauliza, yale mabusu ya mama, Jumapili zote zile, yalikuwa ya nani? Ni yeye aliyeyatunga. Kwa wema." Akafungua macho. "Na sasa wewe umempelekea salamu zangu. Nazo umezitunga. Kwa wema. Nyinyi watu, nani amewapa haki ya kuamua mtu wa mbali asikie nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba dada yake yuko juu amelowa, kwamba wamezeeka, kwamba mlango wa mbao hauwezi kuwa mgumu hivi. Mimi ni mtu wa maneno, si mtu wa kukosa la kusema, lakini nilisimama pale mkono kwenye reli ya ngazi na kitu kimoja tu kilikuwa kinanizunguka kichwani, nacho hakikuwa chake wala cha dada yake.

Mama yangu alipigwa na kiharusi. Hilo nilijua tangu msibani, waliniambia wote, kwamba wiki zake za mwisho alikuwa hawezi kusema. Wiki, si siku. Mimi ni muuguzi. Nimewahudumia watu wa namna hiyo, nimewafuta midomo, nimewaambia jamaa zao kwa upole kwamba hatajibu. Na bado sikuwahi kuliweka jambo hili karibu na lile. Sikuwahi kujiuliza mtu asiyeweza kusema alinisalimuje.

Mwalimu akafunga mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningepata nafuu.

Nilipanda juu nikakaa mbele ya dada yake. Nikatafuta maneno katika Kikatalani changu chote, yakatosha, maana ukweli wenyewe ulikuwa mfupi.

"Ella no ho ha dit," nikamwambia. Yeye hakusema. Nikajigusa kifua. "Jo." Mimi.

Nilingoja anikasirikie. Aliweka kikombe, akachukua mkono wangu akaupapasa, kama mimi ndiye mgeni.

"Ja ho sabia," akasema. Nilikuwa najua.

Alilala kwenye chumba cha zamani cha mwanangu. Asubuhi nilimsindikiza mpaka kituoni, nikarudi. Boksi alikuwa ameliacha kwenye mlango wa dada yake, utepe haujafunguliwa, na lilikaa pale kutwa nzima. Kesho yake halikuwapo. Nikachungulia kwenye mapipa ya taka, sioni haya kusema, nikayafunua yote, lake na langu. Sikuliona. Vile vitumbua viliishia wapi sijui, na si haki yangu kuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilipika mahamri kama kawaida nikateremka. Mwalimu alifungua, akasema asante, yuko na kazi. Iliyofuata vile vile. Ya tatu sikuteremka. Kuna watu watasema ningesisitiza, ningekaa mlangoni mpaka anisamehe. Nilishasisitiza vya kutosha. Nimejaribu kumkasirikia, kwamba mama wa watu amevuka nchi na bahari na boksi kifuani naye akashindwa kufungua mnyororo, na siku nyingine hasira inakaa vizuri kabisa mpaka nisikie cherehani. Nayakosa madarasa yale. Naukosa hata mkate. Nina Kikatalani cha kumwuliza mtu hali yake, na hali ya nyumba yake, na kama wote wazima, na pale chini yupo mtu mmoja wa kumwuliza, nami simwulizi.

Simu ya Mombasa niliiahirisha kwa muda mrefu. Nilizungumza na mdogo wangu mara nyingi katikati, habari za nyumba, za watoto wake, za mabati. Kila nikitaka kuuliza naona si leo. Kisha Jumapili moja mchana nikakaa dirishani, chini cherehani imenyamaza, nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Za huko?"

"Njema. Watoto?"

"Wazima, wanakusalimu sana."

Nikasikia mmoja wao anacheka nyuma na sauti ya televisheni. Nikamwambia punguza hiyo kidogo, nataka kukuuliza kitu.

"Mara ile ya mwisho," nikasema, "kabla ya msiba. Uliponiambia mama ananisalimu sana. Alisema yeye mwenyewe?"

Televisheni ilikuwa imezimwa sasa. Nikasikia feni, na pikipiki ikipita nje kwao. Sikumharakisha. Niliujua ukimya ule, nilishawahi kuukaa mimi mwenyewe, mbele ya kaunta, uzi wa kijani uko sakafuni.

"Ee dada," akasema. "Alisema."

"Alisemaje?"

"Alisema nikusalimu sana."

Nikamwambia ahsante. Nikamwambia awasalimu wote nyumbani.